Mdomo Wangu na Dawa ya Nge

Jumatatu, 4 Machi. Córdoba

Siku kubwa! Dawa yetu ya sumu ya nge imefaulu kwa panya wote ishirini. Hakuna aliyekufa. Tumeitengeneza kwa kingamwili za lama wetu, yule mnyama kama ngamia mdogo asiye na nundu, na haihitaji jokofu. Hata zahanati isiyo na umeme kule Santiago del Estero itaweza kuiweka kabatini tu. Nélida Brizuela, mtafiti wangu, alilia. Miaka kumi na moja anamtoa lama yule damu kwa mikono yake. Mimi ni mkuu wa maabara. Nimetia saini karatasi zote. Hiyo nayo ni kazi.

Wakili wetu wa hataza, Bi. Ofelia Zamudio, alikuja, tukapokezana kibuyu cha chai ya yerba. Maombi atayawasilisha tarehe 15. Hadi hapo, kimya! Hataza, hati ya kumlinda mvumbuzi, hupewa kitu kipya, alisema, na kilichokwisha kusemwa hadharani si kipya tena. Hapa Argentina mvumbuzi aliyeropoka husamehewa kwa mwaka mmoja. Ulaya hawasamehi hata siku moja, na kampuni itakayotujengea kiwanda ni ya Ulaya. Akaniangalia mimi. Kwa nini mimi?

Jumanne, 5 Machi

Niliuliza, kwa upole, majina ya wavumbuzi yatapangwaje. Nélida hakuinua hata kichwa kutoka kwenye darubini. Alisema alfabeti inatosha. Brizuela, halafu Quinteros. Alfabeti! Nastaafu mwakani. Watu watasema "Brizuela na mwenzake". Mwenzake ni mimi.

Jumatano, 6 Machi

Bahati! Keshokutwa kuna mkutano wa madaktari Tucumán na msemaji mmoja amevunjika mguu. Nimejitolea kushika nafasi yake. Nimefikiri vizuri: madaktari si magazeti. Watasikia, watapiga makofi, watakwenda kula. Lakini uso watakaoukumbuka ni wa nani?

Nélida nimemwambia nakwenda kumwona dada yangu. Sina dada Tucumán. Sina dada popote.

Ijumaa, 8 Machi. Tucumán

Niliapa kutotaja undani wowote. Nilizungumza robo saa nzima kwa mafumbo. Kisha Eduvigis Paz, hasimu wangu tangu tukiwa chuo, akapaza sauti kutoka safu ya mbele: "Anselmo, mwenzetu, hizo ni hadithi au una ushahidi?" Ukumbi ukacheka.

Nikauonyesha ushahidi. Mfuatano wote wa kingamwili, yaani siri yenyewe ya dawa, herufi kwa herufi, ukutani, mkubwa kama mlango. Walisimama kunipigia makofi. Wengine walisimama ili wapate picha nzuri. Nimekula empanada sita. Sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Jumatatu, 11 Machi

Picha iko mtandaoni. Chini yake wameandika "Dkt. Quintero". Bila s! Nikapiga simu jina lirekebishwe. Katikati ya mazungumzo, nikakumbuka Ulaya. Nikaomba picha nzima ifutwe. Wakasema imeshasambaa.

Mpango mpya. Niliandika kiapo cha usiri, nikakipa tarehe 7. Wasikilizaji wote wakitia saini, itakuwa kwamba waliahidi kunyamaza kabla sijafungua mdomo. Wasikilizaji ni mia moja na arobaini tu. Nikaanza na Paz. Alicheka hadi akakohoa. "We bwana, nisaini leo kwamba juzi nilikuwa kiziwi? Mbona picha nimeshamrushia binamu yangu Barcelona!"

Halafu akaacha kucheka. Akaniambia Nélida asisikie haya kwa mtu mwingine. Ilinichoma kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia. Yaani, kwanza nilimwambia kuna mtu amevujisha. Akauliza mtu gani. Nikaanza kufuta miwani yangu.

"Ulikuwa kwa dada," akasema. "Dada wa kujitungia."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua glavu moja, akavua ya pili, akazikunja. Akaniambia kwao Santiago alikuwa na mdogo wake, Zulma, wa miaka minne. Nge alikuwa ndani ya kiatu. "Dawa ilikuwapo, Anselmo. Ilikuwa mjini, kwenye jokofu. Sisi tulikuwa na punda."

Miaka kumi na moja tumekaa chumba kimoja. Sijawahi kumuuliza kwa nini nge.

Jumatano, 13 Machi

Ofelia alifika mbio, na maombi kayawasilisha leo leo. Argentina tumewahi. Brazili pia inawezekana. Ulaya, basi. Kampuni imejitoa kwa barua ya mistari mitatu: bila ulinzi kule kwao, hakuna kiwanda. Dawa itangoja mfadhili mwingine. Miaka mitano, labda. Labda zaidi. Na nge hawangoji.

Nilipoletewa fomu nitie saini, nikaona jina la kwanza: Quinteros. Nikamwambia Ofelia amekosea. Akasema hajakosea. Nélida alimpigia wiki iliyopita, siku ile ile niliyotunga dada. "Aliniambia, 'Mzee anastaafu, mwache afurahi.' Nilimuuliza mara mbili."

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemwomba Nélida msamaha. Bila "lakini", bila "unajua". Akajibu, "Nimekusikia." Kusikiwa si kusamehewa, hilo nalijua. Akanipa kazi: kumshika lama shingo wakati anapotolewa damu. Lama alinitemea usoni. Sikujifuta.

Jumatano, 10 Aprili

Kingamwili ya pili! Ina nguvu mara tatu ya ile ya kwanza, na mfuatano wake ni tofauti kabisa. Ni mpya hata kwa Ulaya! Nélida ameniambia kwa sababu tu taratibu za maabara zinamlazimisha. Kampuni ile ile imekubali kuzungumza tena. Nimeapa mbele ya Ofelia, mkono juu. Maombi yatakwenda baada ya wiki mbili. Nélida karibu atabasamu. Niliona.

Ijumaa, 12 Aprili

Chuo kikuu kimenialika Jumatatu nizungumze na watafiti vijana, wajifunze kutokana na kosa langu. Mada: "Kimya Kabla ya Hataza." Nilitaka kukataa. Lakini ni nani aliyeumia kama mimi ili awafundishe? Nimetokwa na machozi nikiandika utangulizi. Nitasema yote. Zulma, punda, barua ya mistari mitatu, aibu yangu yote.

Shida ni moja: somo bila mfano halikai kichwani, na mfano wa zamani kila mtu ameshauona mtandaoni. Nitatumia mpya. Picha moja tu, kwa dakika moja.

Na safari hii nitawaomba kwanza wasimwambie mtu.