Uzinduzi wa Mashine ya Pumzi

Mgeni rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wa viti vya mbele na waheshimiwa mliokosa viti. Wachungaji wa Sabato na mapadri. Chifu na wasaidizi wako. Akina mama wa soko la Magunga na la Kisegi. Wafugaji mliotoka huko mpakani. Na wewe, mpiga picha, maana bila wewe maendeleo hayaonekani: hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo, kwa uchovu.)

Mimi, Mheshimiwa Walter Mogire, mwenyekiti mwanzilishi wa Kamati ya Pumzi ya Kwanza, nimesimama mbele ya boksi hili kubwa lililofungwa utepe ili kuwatangazia kwamba, kufuatia mikutano ya mastekiholda tuliyoifanyia Naivasha, kwa sababu huko hewa ni nzuri na kamati ya pumzi nayo lazima ipumue (kicheko kidogo), mtoto anayezaliwa kabla ya wakati wake, mapafu yakiwa yanashikana kama mifuko ya plastiki iliyolowa, hatachomekwa tena mpira kooni, bali atavutishwa kwa pua dawa ya mvuke inayoyaachanisha, na atapumua kikamilifu kwa mujibu wa fremuweki yetu. Utafiti wangu binafsi unaonyesha kwamba asilimia tisini na tisa nukta nane ya watoto watapumua. Hao waliobaki tunawaundia kamati ndogo. (Makofi ya Chifu.)

(Sista Roseline, muuguzi wa kituo hiki, kutoka mlango wa wodi: "Mheshimiwa, mtoto wa Mourine amezaliwa leo asubuhi, mimba ya miezi saba! Anavuta pumzi kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Fungua hiyo boksi tutumie sasa!")

Sista, nakupongeza kwa moyo wako wa kazi. Lakini mashine haitumiki kabla ya utepe kukatwa, utepe haukatwi kabla ya hotuba, na hotuba ndiyo hii. Mtoto avumilie kidogo. Hata mimi navumilia jua. (Minong'ono. "Aibu!")

(Bathsheba, bibi wa mtoto, akisimama: "Basi tupe hata gari! Huyu nyathi, mtoto wetu, atatufia hapa, na Homa Bay kuna oksijeni!")

Mama yangu, pole sana, lakini gari lile ni la msafara. Ambulensi iko katika awamu ya tatu. Bonface, dereva wangu, kaa hapo hapo kwenye usukani, usibabaishwe na kelele za watu. (Injini inawaka.) Mnasikia? Amewasha mapema ili nikimaliza nikute ndani kumepoa. Huo ndio utumishi! (Milango inafungwa. Vumbi. Umati mzima unasimama na kupiga makofi.) Asanteni! Asanteni jamani, sikujua sehemu hii ingewagusa hivi. Kaeni, kaeni.

Sasa nikisema "Pumzi!" semeni "Kwa wote!" Pumzi! (Watu wanatazama barabarani.) Pumzi! (Mpiga picha, peke yake: "Kwa wote.")

Nimalizie kwa shukrani za dhati kwa Bwana Stanley, mwenye duka la vyombo kule Uriri, aliyetuazima boksi hili la friji kwa ajili ya picha. Msilikanyage, analitaka jioni. Na nyinyi watoto, acheni kuchungulia, ndani hamna kitu. Mashine yenyewe bado ni wazo, na wazo lenyewe bado liko Naivasha, linangoja kikao.

Haya, Bonface, leta gari. Bonface? (Sauti ya mwanamke: "Alishaenda! Yuko njia ya Homa Bay na Mourine na mtoto! Sista yuko nao, amepiga simu sasa hivi, mtoto bado anapumua!" Vigelegele. "Ero kamano, Bonface! Ero kamano!")

Mnamshukuru dereva? Dereva! Na mimi je? Nani alimpa kibali? (Kicheko kikubwa. Watu wanaanza kuondoka.) Ngojeni, sijafunga mkutano! Mpiga picha, hebu piga picha upesi kabla hawajatawanyika, na chini yake andika: mradi wa Mheshimiwa Mogire leo umemsafirisha mtoto wake wa kwanza. Umeandika? Vizuri. Na kama kuna yeyote mwenye pikipiki, tafadhali, mimi pia naelekea upande huo huo.