Video Iliyoninyang'anya Wanafunzi Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Muuguzi mkuu ametangaza: wanafunzi wapya wa udaktari hawatatembezwa tena. Wataonyeshwa video chuoni kwao, wakifika hapa wodi zote wanazijua. Na mimi je? Mimi msukuma machela, niliyewapokea getini kila mwaka tangu nina nywele! Enzi zile walikuja makoti yakiburuza, wananifuata nyuma kama vifaranga. Yule bingwa wa mifupa wa leo alizimia mikononi mwangu kwa kuona damu. (Haya, ilikuwa dawa ya kidonda, nyekundu. Lakini nilimdaka!)

Jumanne, 4 Machi
Mpiga video ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Nimemwambia video bila mimi ni harusi bila bibi harusi. Akasema, Mjomba, imebaki nafasi ya mgonjwa tu: ulale, usiseme neno, waone namna ya kunawa mikono na kumsalimia mtu kitandani. Nimekubali kwa upole. Moyoni nacheka. Mbele ya kamera, nani ataninyamazisha?

Alhamisi, 6 Machi
Nililala. Nikavumilia. Nikaketi! Nikawatembeza wanafunzi wa kwenye video kwa kidole palepale kitandani: kulia maabara, kushoto wodi ya wazazi, nje benchi letu la chai. Mpwa akaguna: Mjomba wewe, wodi ya wazazi ilihama zamani, pale sasa wanafua mashuka. Na benchi limeng'olewa. Nikamjibu mtoto hamfundishi mjomba njia. Muuguzi mkuu akacheka hadi machozi, kisha akatazama dirishani, pale benchi lilipokuwa. Siku yake ya kwanza kazini nilimkalisha hapo, analia anataka kurudi kwa mama yake. Ushindi!

Jumatatu, 10 Machi
Wamefika. Nimesimama getini, viatu vinang'aa kama kioo. Wamenipita! Kila mmoja anajua kona yake. Binti mmoja tu akageuka: shikamoo mgonjwa, kumbe umeshapona? Mpwa kakata maneno yangu yote kwenye video. Nimebaki nimelala, mdomo wazi, watu wananawa mikono pembeni yangu.
Korido ikawa kimya. Nikasukuma machela tupu hadi mwisho, nikarudi.

Jumanne, 11 Machi
Nimegundua kosa. Si kusema, ni nafasi yenyewe. Mgonjwa akiketi, nani ashangae? Mwakani naomba kuwa maiti. Maiti akiamka akaanza kutembeza watu, nani atathubutu kumkata?