Bakuli la Gelasius na Soko Jipya

Makanyagio, Mpanda
6 Agosti 2024

Ndugu Baltazari,
Mwenyekiti, Kamati ya Soko Jipya

Natumaini mguu wako umepona. Mimi ni Rozalia, mjane wa Gelasius fundi baiskeli. Nina malalamiko kuhusu soko mnalotaka kujenga penye makaburi ya watu wa reli.

1. Ramani yenu inasema pale ni "eneo wazi". Si wazi. Baba mkwe wangu, aliyetandika reli, yupo pale na wenzake, tangu mji huu haujawa na mitaa. Gelasius aliomba alazwe karibu na baba yake. Hakuna aliyehama.

2. Tangazo la siku ishirini na moja la kuhamisha makaburi mmelibandika kwenye nguzo. Baba mkwe hakujua kusoma, na miwani ya Gelasius ninayo mimi, kwenye kopo la sukari. Naomba tangazo lisomwe kwa kipaza sauti palepale, ila baada ya saa nne. Gelasius hakupenda kusemeshwa kabla ya chai.

3. Kwetu marehemu huwekewa chombo chake kichwani pa kaburi, kikiwa kimetobolewa ili mwizi asikitamani. Wapima wenu wameokota vyombo vyote wakidhani ni takataka. Bakuli la Gelasius, la bati lenye maua ya bluu, silioni. Sasa sijui kaburi lake ni lipi. Jumapili nimesali rozari nzima, kumbe huenda nilikuwa kwa mzee Mwandu, ambaye mbuzi wake walimaliza mihogo yetu na hakusema pole.

4. Kwa kuwa mmewapoteza, mkijenga basi wahesabiwe wapangaji wa kwanza. Gelasius apewe kizimba karibu na mlango, maana alipenda kuona wapita njia. Nitamkalia humo nikiuza dagaa wa Ikola. Usafi wa Jumamosi asamehewe.

Msalimie mama Angela, wanakamati wote, na dereva wa katapila aliyezima injini nilipokuwa nasali.

Wako mtiifu,
Rozalia

Nyongeza: Nilipokwisha kusaini nilikwenda kupakua maharage, nikajikuta nimeshika bakuli lenye maua ya bluu. Nimekumbuka. Nililichukua mwenyewe Siku ya Marehemu Wote, nikalioshe tu, nikashindwa kulirudisha. Tundu huwa naliziba kwa tonge la ugali, nalila mwisho. Kwa bakuli hili wapima wenu hawana kosa. Basi futeni la tatu, na la nne lililoliegemea, ingawa kizimba nilishakizoea. La pili Gelasius mwenyewe angelicheka.

Limebaki ombi dogo. Mkijenga ukuta, acheni pembeni nafasi ya bakuli moja, hata kama si juu yake hasa. Nitalileta. Na siku hiyo mkinikuta nimechelewa kuliachia, mnikumbushe.