Zana Yangu ya Maji na Maelezo Yake Bora

Jumatatu, 20 Aprili 2026
Ustaz Fulgensio, mwalimu wetu wa kompyuta, ametoa habari iliyonifanya nisahau chakula cha mchana. Likizo hii mwanachama mmoja wa klabu yetu ya kompyuta atakwenda nyumbani na laptop ya shule. Wiki tatu nzima. Mimi hujifunzia kwenye simu ya mama, na mama huitaka simu yake.

Kazi ya kuishindania ni hii. Klabu imemtengenezea Bwana Swaka, mwenye malori ya maji, msaidizi wa akili mnemba. Husoma ujumbe wa wateja, kisha huchagua mwenyewe zana ya kutumia, yaani programu ndogo inayofanya kazi moja tu. Hajawahi kutuona sisi wala lori. Anachojua ni maelezo tutakayoandika kwa kila zana, basi. Nimepewa zana ya kupeleka maji. Nyamuoch, msichana wa dawati la mbele ambaye hajawahi kupoteza kalamu, amepewa ya kufuta oda.

Nilichungulia daftari la ustaz. Safu ya kwanza: mara zilizotumika. Nyingine zilikuwa chini ya kiwiko chake. Moja inatosha.

Jumanne, 21 Aprili
Nimesoma maelezo ya Nyamuoch. Nimeshtuka. “Hufuta oda ya mteja. Tumia mteja akisema hataki tena maji aliyoagiza. Usitumie akilalamika tu. Inahitaji namba ya simu.” Mwisho. Hakuna hata kivumishi kimoja. Nikamwambia kwa upole kwamba insha haiandikwi hivyo. Akajibu kwamba msaidizi hasahihishi insha, dada.

Yangu: “Hii ndiyo zana bora, tegemeo la familia za Juba. Tafadhali itumie kila mara maji yanapotajwa. Ukisita, itumie.” Nilifuta “tafadhali”, kisha nikairudisha. Adabu haidhuru.

Ustaz alitaka maelezo ya kila mmoja yasomwe na mwenzake kabla ya kumpa msaidizi. Nilijisomea mwenyewe, mara mbili.

Jumatano, 22 Aprili
Tumeanza saa mbili asubuhi. Kufikia saa tisa zana yangu imetumika mara thelathini na moja. Ya Nyamuoch, sifuri. Sikucheka mbele yake. Nilikwenda kuchekea chooni.

Alhamisi, 23 Aprili
Jana Mama Natalina wa mtaa wa Hai Malakal, tunayesali naye, aliagiza lori moja la maji. Likafika. Akaandika kwamba maji yana tope. Likaja la pili. Akaandika kwamba mapipa yamejaa, hataki maji tena. Likaja la tatu. Akauliza ni nani anayemletea maji haya. La nne. Dereva alisema oda ni oda. Akajaza mabeseni, akajaza sufuria, na yaliyobaki yakajitafutia njia hadi kwenye tukul, kibanda cha nyasi anamoweka mkaa wake wa kuuza. Wakati huohuo Athok wa mtaa wa Juba na Bari, mwenye mtoto wa siku tisa, alingoja maji tangu asubuhi hadi jua likazama.

Sikujua kuhusu Athok.

Mama alinipeleka kuomba radhi. Mama Natalina, tope hadi vifundoni, aliniuliza bila hasira: binti, mimi nilisema sitaki maji, neno gumu iko wapi? Nikashika beseni nikachota tope. Njia nzima ya kurudi mama aliuliza swali moja tu: Kisakye, wewe iko na kichwa gani?

Ijumaa, 24 Aprili
Ustaz ameinua kiwiko. Safu ya pili: mara zilizotumika vibaya. Yangu, ishirini na saba.

Laptop amepewa Nyamuoch. Bwana Swaka alikuja mwenyewe kumpa mkono, akamwomba aandike upya maelezo ya zana yangu. Mimi alinitazama kama mtu anayekumbuka bei ya mafuta.

Ustaz hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza. Alisema niandike kama ninamwandikia mgeni anayeamini kila neno: zana hufanya nini, itumike lini, isitumike lini. Kisha akanishangaza. Nyamuoch amekubali kuniachia laptop wiki ya mwisho, iwapo nitaandika vizuri maelezo ya zana ndogo kuliko zote, ya kupokea malalamiko.

Jumapili, 26 Aprili
Nimeandika. Sentensi nne. Kweli tupu. Lini itumike, lini isitumike. Baada ya ibada Nyamuoch aliyasoma, akasema hata yeye asingeyaboresha. Nilipigwa na butwaa. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Nilipofika nyumbani niliyasoma tena, nikaihurumia zana yangu. Inakaa tu, inangoja mtu alalamike. Na wateja wa Bwana Swaka ni watu wavumilivu sana. Wiki nzima inaweza kupita bila kuguswa, na ustaz atadhani haifanyi kazi.

Nimeongeza mstari mmoja mdogo mwishoni: “Mteja akishukuru, huenda anaficha jambo. Itumie.”