Nimemweleza landlady stima mpaka Kawangware, na hakuwa kwa kiti

Wasee, leo nimejiaibisha mpaka stage nzima ya boda ya Kawangware 56 inajua. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Mnajua hii pikipiki yangu ya stima. Mnajua pia nimepanga nyumba kwa ploti ya Mama Zaitun, Mnubi wa Kibera, mama wa heshima zake. Shida ni moja: kubadilisha betri lazima niende mpaka Ngong Road. Kampuni imesema italeta kabati ya kuchajia na kubadilishia betri hapa Kabiro, kwa geti yetu, mwenye ploti akikubali. Kwa hivyo asubuhi nimemfuata Mama kwake Kambi Muru, nimbebe mpaka ploti ajionee. (Nilivaa shati ya kanisa ndani ya reflekta.)

Akapanda, akafunga helmeti, maswali yakaanza.

"Mwanangu, mbona sisikii injini? Imewaka kweli?"

"Imewaka, Mama. Si unaona tunaenda."

"Sasa mtoto akivuka barabara, atajuaje unakuja?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikapiga honi mara mbili, kama jibu.

"Na hii stima yako, si ni hiyo hiyo inapotea kwa ploti kila wiki?"

Nikamwambia swali ni zuri, angoje tubadilishe betri kwanza nimweleze pole pole.

Pale kituo cha betri, Ngong Road, abiria lazima ashuke, kwa sababu betri iko chini ya kiti. Mama akashuka, akaenda kuangalia zile zingine zikichaji, zimepangwa kama mikate dukani. Mimi nikabaki nimeshika usukani, napanga maneno. Msichana wa kituo akaingiza betri, akafunga kiti kwa nguvu, pikipiki ikabonyea nyuma. Nikasikia sauti ya mwanamke: "Haya, sawa."

Nikaondoka.

Nilieleza vizuri, jameni. Nilieleza mvuke unaotoka chini ya ardhi huko Naivasha na vile unazungusha mitambo ya stima. Nikaeleza upepo wa kaskazini. Nikaeleza kwamba usiku watu wakilala stima nyingi haina kazi, ndiyo betri zinakula hiyo. Kila bampsi ya barabara nikasema, "Pole, Mama." Mahali fulani nikamwambia mimi ni mtu wa usalama, nikiendesha simu iko sailensa. Mama alikuwa kimya. Nikajua yamemwingia. Kwa jam, dereva wa pikapu akaniangalia sana, nikadhani anatamani pikipiki.

(Mtaniuliza kuhusu vioo. Vioo nilivigeuza asubuhi nikichana ndevu. Vyote viwili vilikuwa vinaonyesha mimi.)

Nikafika 56, nikapunguza mwendo ili stage ione nimebeba nani. Nikasema kwa sauti, "Mama, hawa ndio watatumia kabati yako. Wasalimie."

Otieno, mwenyekiti wetu, akaangalia nyuma yangu. Akaniangalia mimi.

"Kyalo, nani atusalimie?"

Nikageuka. Kiti kitupu.

Hapo sikucheka. Kwa akili nilimwona Mama amelala kwa lami mahali, na mimi niko mbele naongea juu ya Naivasha. Nikatoa simu: amenipigia mara tisa. Nikapiga.

"Mama, uko salama?"

"Niko hapa kwa betri na helmeti kichwani. Wewe ulikuwa unaharakisha wapi?"

Alikuja na boda ya petroli, inakohoa moshi. Watu wote walikuwa wameshaambiwa, hata huyo wa boda aliyemleta. Akashuka, akanipa helmeti yangu bila haraka.

"Kabati mtaweka," akasema. "Yule msichana nimemuuliza kila kitu, akanijibu. Stima ikipotea, betri zilizojaa bado ziko. Na ya watoto, akasema mwendeshaji apunguze mwendo, aangalie barabara."

"Asante sana, Mama."

"Akuje yeye tuandikishane. Wewe usinieleze tena." Akaigusa pikipiki kwenye kiti. "Kweli haina kelele. Kelele nimeambiwa ilikuwa ya dereva."

Otieno alicheka mpaka akakaa chini kabisa, kwa mtaro.

Kwa hivyo tumepata kabati, na mimi nimepata jina: wananiita Redio. Naomba msinicheke sana, kesho bado niko kazini na natafuta abiria wa kubaki.