Mgeni wa Juu Aliyeondoka Bila Chai

Jumatatu, 15 Mei

Habari kubwa! Kulyash karudi kutoka shule mbio, kitambaa cha kichwa kimemwangukia mabegani, na mke wangu si mtu wa kukimbia. Daktari Marziya, yule mtaalamu wa nyota wa Almati anayezunguka nyikani kuuliza watu wameona nini angani, anafika kijijini kwetu Tasbulak keshokutwa. Ana darubini ya kumwachia mtu. Moja tu! Itabaki ama hapa, shuleni kwa Kulyash, ama Karasai, ng'ambo ya mto. Ataamua Jumapili.

Kulyash ana wanafunzi kumi na mmoja na anawafundisha nyota kwa chaki. Miaka kumi na tisa anaomba darubini. Kila barua aliyoandika ilijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Leo amekaa mbele yangu, akanishika mkono, akaniomba nimsaidie kwa jambo moja: nisifanye lolote.

Nimekubali. Maskini mke wangu, hajui ana mume wa aina gani.

Nimewaza jioni nzima nikisafisha zizi. Daktari anauliza kama kuna viumbe wa dunia nyingine, na kama wamewahi kukanyaga hapa kwetu. Sasa, darubini itaachwa wapi? Si pale walipokanyaga? Na kama hawakukanyaga Tasbulak, ni kwa sababu Tasbulak haijawahi kupata mtu wa kulishughulikia jambo hilo. Mtu huyo yupo.

Jumanne, 16 Mei

Shida ya kijiji chetu ni kwamba kitu kikianguka kutoka juu hakuna anayeinua kichwa. Roketi zinapita juu yetu kila mara na kumwaga vyuma nyikani. Jirani yangu Koishibai ananyweshea farasi wake kwenye tangi la roketi na anajisifu kama alilifua mwenyewe. Hata wanaanga wakishuka na miavuli yao, bibi zetu huwauliza kwanza kama wamekula. Kwa hiyo chuma hakitamshtua mtu. Panatakiwa alama ya chombo kilichotua. Duara kwenye nyasi!

Kulyash alipokwenda shule nilitoa fito za yurta, hema letu la duara la kiangazi, nikaisimamisha magharibi ya zizi ili nipate duara safi, kisha nikamwaga maji ya moto kuizunguka. Samova kumi na moja, lile birika letu kubwa la chai. Mgongo umekufa. Adhuhuri nyasi zikaanza kugeuka njano. Nikaikunja yurta, nikasimama pembeni nikaangalia. Wallahi, kazi nzuri! Hata mimi nilitishika kidogo.

Jumatano, 17 Mei

Daktari Marziya amefika. Mwanamke mfupi, buti za vumbi, sauti ya chini. Nilidhani atakuja na majivuno ya mjini, kumbe hana hata chembe. Watu walimuuliza moja kwa moja: wapo au hawapo? Akasema nyota ni nyingi kuliko majani yote ya nyika hii, na nyingi zina dunia zinazozizunguka, na yeye moyoni anaamini mahali fulani kuna kitu kilicho hai, hata kama ni ukungu tu juu ya jiwe. Lakini hajauona, na hajaonyeshwa. Akasema kutojua si aibu, aibu ni kujaza tundu kwa uongo. Nimewahi kuwasikiliza wakubwa wengi, huyu ndiye wa kwanza aliyenifanya nisahau kusinzia.

Nikaona wakati umefika. Nikawaongoza hadi kwenye duara, mkono kifuani, sauti ya majonzi.

Baba yangu, Mzee Ospan, ana miaka themanini na minne na haoni vizuri mchana. Lakini alilizunguka duara lile kwa mkongojo wake, akasimama, akauliza hii yurta ni ya nani. Kuta sita za kukunja, akasema. Mlango ulikuwa huku mashariki, nyasi bado mbichi. Katikati walibandika samova. "Na aliyeisimamisha hajui kazi," akamalizia, "ubavu wa kushoto umelegea. Nani huyu mvivu?"

Koishibai alicheka mpaka akakaa chini. Daktari hakucheka. Alimwambia Kulyash kwa upole kwamba mahali ambapo ushahidi unatengenezwa, ni vigumu kuamini hata ule wa kweli. Kesho kutwa angekwenda kuwaona Karasai.

Kulyash hajasema neno tangu hapo. Ameniwekea supu akaondoka. Hata chumvi hakuweka.

Alhamisi, 18 Mei

Kosa limejulikana. Vitu vinachunguzika. Neno la muungwana halichunguziki!

Koishibai alikuwa amefungua kiriba cha kwanza cha kumis, maziwa machachu ya farasi, mwaka huu, na wanaume wote tulikuwa kwake tunakunywa, Daktari pia. Nikakohoa. Nikasema nimeficha jambo, sasa linanikaba. Alfajiri ya Jumanne nilimkuta mgeni amesimama uani kwangu. Mrefu, mwembamba, rangi ya fedha, macho kama mabakuli. Amechoka, maana ametoka mbali. Alinitazama, nikamtazama, akaondoka.

Bakuli zote zikasimama hewani. Loo, nilifurahi! Daktari alichukua kalamu, akaniuliza alisimama upande gani, kwa muda gani, kivuli chake kilielekea wapi. Nilijibu vizuri sana. Kisha baba akaweka bakuli lake chini.

"Ulimpa nini?"

Nikamuuliza nani. Akasema huyo mgeni. Nikasema, baba, alikuwa kiumbe wa nyota nyingine. Akasema hajauliza anatoka wapi, ameuliza alikula nini.

Nikasema hakula kitu.

Chai je?

Nikasema hata chai, baba.

Ebo! Ungedhani nimekiri kumuua. Baba aligeuka mwekundu. Tangu babu wa babu yake, akasema, hakuna aliyefika mlangoni kwetu akaondoka bila kuonja mkate. Wezi wa farasi wamelishwa! Wakusanya kodi wamelishwa! Na huyu, aliyevuka mbingu ngapi sijui, anafika amechoka, na mwanangu anamkodolea macho tu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone, na wewe umemwacha aende na kinywa kikavu!"

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni kweli. Hata mmoja! Koishibai alitikisa kichwa akasema kwake angekuta kumis.

Ijumaa, 19 Mei

Siku mbaya. Asubuhi wamama watatu wamepita mlangoni wakasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba huko alikokwenda sasa hivi anasimulia. Kwamba huko juu jina la Tasbulak limekwisha. Mmoja alikuwa analia kweli.

Maji yalinifika shingoni, nikatangaza kwamba nilikosea kueleza. Nilimchinjia. Kondoo mzima. Alikula vizuri, akashukuru kwa ishara.

Koishibai hakubisha. Alikwenda zizini kwangu akahesabu. Akarudi akasema kondoo wako kumi na wanne, walewale wa wiki iliyopita, na dume jeupe ninalolichana manyoya kama bibi harusi lipo na limenona. "Au mgeni wako alikula akamrudisha?"

Karasai wamesikia. Wanatuita kijiji cha chai iliyopoa. Daktari amekuwa kwao tangu asubuhi, wamemwonyesha daftari zuri la mianga waliyoiona angani, lenye jalada jekundu.

Jioni Kulyash akazungumza. Heri angenyamaza. Alisema hataki kunigombeza. Alisema kuna mtoto wa darasa la tatu, mwenye miwani minene, amemuuliza kama darubini itaonyesha zile nyota ambazo macho yake hayazifikii, naye alimwambia ndiyo. Sasa hajui atamwambia nini. Kisha akafunika uso kwa aproni.

Nilitoka nje nikasimama na lile dume jeupe. Nilijisikia vibaya, nasema kweli. Mimi ndiye niliyemfanya mke wangu hivi.

Jumamosi, 20 Mei

Nimekiri! Mbele ya watu wote, na Daktari aliyerudi kutoka Karasai, kwenye uwanja wa shule, saa nne asubuhi. Nilisema hakuna mgeni aliyekuja. Duara ni langu, hadithi ni yangu, Kulyash hakujua kitu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye buti.

Baba akasema kwa huzuni, "Sasa anamkana mgeni ili asichinje."

Lahaula! Nikaapa. Wakazidi kusikitika. Koishibai akasema ubahili ni ugonjwa, na wagonjwa huonewa huruma. Baba akatoa hukumu: kesho dume jeupe litachinjwa, kijiji kizima kitakula kwa heshima ya mgeni yule, aibu iondoke. Nikamtazama Daktari aniokoe. Alikuwa ameuma mdomo, mabega yanamtikisika.

Kisha akamwomba Kulyash daftari la shule. Si zuri kama la Karasai. Limeloa mara mbili na jalada limeshonwa kwa uzi wa sufu. Kulyash na wanafunzi wake wameandika humo kila mwanga walioona angani kwa miaka kumi na tisa, na mbele yake chanzo chake. Roketi. Zuhura. Kimondo. Taa ya lori la Koishibai, kilimani. Daktari alisoma akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, sote tukingoja. Akafika wiki hii, akasoma kwa sauti:

"Mei 16. Duara la nyasi njano, magharibi ya zizi letu. Chanzo: mume wangu. Samova."

Na chini yake: "Mei 18. Mgeni mrefu, rangi ya fedha, macho makubwa. Chanzo: yuleyule."

Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Kumbe Kulyash alijua tangu siku ile! Alinusa mvuke kwenye fito, anasema. Angeweza kuacha mstari ule wazi, nani angejua? Lakini aliandika. Mumewe mwenyewe, kwa wino, mbele ya mtu aliyeshika darubini yake!

Daktari hakumaliza. Akarudi nyuma, akatafuta kwa kidole. Kati ya mianga mia nne na kumi na miwili, mitatu ilikuwa na neno moja tu mbele yake: Sijui. Mmoja ni wa miaka kumi na minne iliyopita, nuru ya kijani juu ya ziwa lililoganda, ikakaa kwa muda wa kukamua farasi wawili, watoto wote wameiona, kila mmoja ameichora kivyake na michoro yote inafanana. Daktari aliitazama michoro ile muda mrefu. Aliuliza kwa nini hawakuandika dhana yoyote. Kulyash akasema, kwa sababu hatukuijua, Daktari.

Daktari akasema amezunguka vijiji vingi na kukutana na watu wengi wanaojua. Akafunga daftari kwa mikono miwili, taratibu.

Nimemtazama mke wangu amesimama pale na chaki kwenye mkono wa koti. Nimeishi naye miaka thelathini. Nilikuwa nadhani katika nyumba yetu mwenye akili ni mimi.

Jumapili, 21 Mei

Dume jeupe limekwenda. Sitaandika zaidi.

Zuri lakini. Nyama laini, tambi pana, kitunguu tele. Wazee waliacha nafasi tupu mahali pa heshima kwa ajili ya mgeni wa mbali, na baba akaisalimu nafasi ile kwa jina la Mungu, akaiomba radhi kwa niaba yangu, akaiambia ikipita tena ipite kwetu kwanza. Hakuna aliyecheka. Daktari aliinamisha kichwa pamoja na sisi. Kama huko juu kuna yeyote na alikuwa anatazama, basi ametuona katika hali yetu bora.

Kichwa cha kondoo kikaletwa. Mimi nina miaka hamsini na saba na sijawahi kukishika, maana kwetu ambaye baba yake yu hai hapewi kichwa, na baba, Mungu amzidishie umri, hana haraka. Alimuuliza Daktari kama babake yu hai. Akasema alifariki zamani. Basi akapewa yeye.

Kabla hajakata alisema darubini inabaki Tasbulak. Kulyash akaangua kilio mbele za watu, bila kujifunika. Yule mtoto wa miwani akapiga yowe. Nami nikalia, na Koishibai akaniuliza kama ni kwa furaha au kwa dume. Nikamwambia asiniingilie.

Kisha Daktari akachukua kisu, akakata shavu akampa baba, akakata kaakaa akampa Kulyash. Akakata sikio. Akanyoosha mkono, akapita juu ya watoto wote, akanipa mimi.

Kijiji kizima kiliangua kicheko. Baba alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Sikio la kondoo hupewa watoto, ili wasikie wanachoambiwa.

Nililila lote, mbele yao.

Jumatatu, 22 Mei

Jioni hii tumetazama Zuhura kabla ya chakula. Watoto kwanza, kisha sisi. Sikujua kwamba Zuhura inaonekana nusu, kama mwezi mdogo! Kulyash alinishika bega nikitazama, akanieleza kwa nini, na nikamsikiliza hadi mwisho. Amenisamehe. Supu ya leo ilikuwa na chumvi.

Daktari ameondoka. Alipopanda gari alisema atarudi vuli na mtambo wa kusikiliza sauti za angani. Anao mmoja tu. Bado hajaamua ataufunga Tasbulak au Karasai.

Nimelitafakari lile sikio usiku na mchana. Wengine wanaona ni mzaha. Hawamjui Daktari. Mwanamke mwenye akili kama ile hakati kitu bure. Anatafuta mtu mwenye masikio, na kati ya kijiji kizima amemwona.

Na kosa langu sasa naliona waziwazi. Watu waliamini kila kitu, walichoshindwa kusamehe ni kwamba aliondoka na njaa. Safari hii mgeni atakula. Nimeshachagua kondoo.