Koki ya Mvuke

Jumamosi, 1 Novemba
Wiki nzima kuvuna uyoga. Mgongo umepinda kama ndoano. Kwetu Latvia, Jumamosi ni kuoga mvuke na kujichapa matawi mabichi mwilini. Hapa Ireland ni maji vuguvugu na uso wa huzuni. Nikanyata hadi kibandani, kwenye boila ya mafuta inayopasha moto maji na nyumba nzima. Nikafunga koki ndogo inayoleta maji baridi kuchanganyika na ya moto. Mvuke! Matawi sina, nikajichapa brashi ya vyombo bafuni. Raha!

Jumatatu, 3 Novemba
Nilisahau kuifungua. Bi Philomena, mwenye nyumba, kaungua vidole akiosha sufuria. Yowe lake! Mbwa kaingia chini ya meza. Bibi kainyunyizia boila maji ya baraka, wapi! Ndipo akatangaza: atakayeitengeneza atahamia chumba cha juu ya jiko. Chumba kikavu! Changu kina ukungu, uyoga ungejiotea wenyewe. Mpangaji mwenzangu Dainius, Mlithuania, akasema ataitazama. Nikamwambia wee, kaa na viazi vyako, mimi nimesomea boila kwetu Riga. (Chuo cha huko nilikipita tu kwa basi.)

Jumanne, 4 Novemba
Kufungua koki upesi ni ushamba. Tatizo dogo, sifa ndogo. Nimeshinda nikigonga mabomba kwa spana. Bi Philomena kaniletea mkate na siagi, kasema pole mwanangu, usijiue kwa kazi. Dainius kauliza mbona nagonga tangi la mafuta. Wivu!

Jumatano, 5 Novemba
Siku ya ushindi. Lakini koki ipi? Zote zinafanana! Nikazungusha moja kwa imani. Boila ikakohoa, ikazima. Kumbe nimefunga mafuta. Bi Philomena kala na koti mwilini kwa baridi, akaniuliza kama huko Riga nilisomea friji.

Alhamisi, 6 Novemba
Dainius kaingia kibandani na kikombe cha chai, katoka chai haijapoa. Kafungua mafuta, katoa hewa bombani, kafungua koki yangu. Mezani akasema, macho kwangu: mama, hii haikuharibika, kuna mtu aliifunga. Bi Philomena akajibu basi mtu huyo ataosha sufuria mpaka Krismasi. Akanisukumia sufuria. Kisha nikambebea Dainius kitanda hadi juu.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimetafakari sana kosa langu. Nimeliona: koki sikuitia alama! Leo nimeifunga tena na kuivisha soksi yangu nyekundu. Safari hii sitakosea, na chumba ni changu. Tena humu ndani soksi nyekundu ninazo mimi tu, kwa hiyo hakuna wa kunipora sifa.

Mvuke!